Arsenal ikifungwa, mume hagusi matoke

Dada, unauliza kama mumeo hapo Ntinda, Kampala, ana wazimu kwa kugoma kula Arsenal ikifungwa. Si wazimu. Shabiki sugu huihesabu timu kuwa sehemu yake mwenyewe. Mwaka 1976 huko Marekani, mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walionyesha kwamba timu ya chuo ikishinda, wanafunzi walipenda kuvaa nguo za chuo na kusema "tumeshinda". Ikipigwa, waliosema "tumefungwa" walipungua. Mumeo hata Arsenal ikipigwa anasema "tumefungwa" na jezi haivui, kwa hiyo kipigo kinamwingia mwilini. Chakula kifunike tu, atakula. Cha kuchunga ni ada ya watoto isiishie kwenye kubeti.