Mkataba haufi siku kampuni inapofilisika

Ndugu, umeuliza kama shirika la ndege la Marekani likiomba ulinzi wa Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi, inayoiruhusu kampuni kujipanga upya huku ikiendelea na kazi, mkataba wa marubani unakufa papo hapo. Haufi. Kifungu cha 1113 cha sheria hiyo, kilichowekwa mwaka 1984 baada ya shirika la ndege la Continental kuitupa mikataba yake na wafanyakazi, kinailazimisha kampuni ijadiliane kwanza na chama cha wafanyakazi kwa nia njema na kuonyesha hesabu zake, ndipo iende kwa jaji kuomba mkataba ufutwe.

Tazama shirika la American Airlines lilipokuwa chini ya ulinzi huo. Agosti 2012 marubani waliikataa ofa ya kampuni kwa asilimia 61. Siku chache baadaye jaji naye akakataa kufuta mkataba, kwa mambo mawili tu: kampuni ilitaka uhuru usio na mpaka wa kusimamisha marubani kazi, na wa kuuza viti vya ndege za mashirika mengine kwa jina lake. Ikayarekebisha, na Septemba jaji akaridhia mkataba ufutwe. Inauma, maana watu walipoteza masharti waliyoyapigania miaka mingi. Lakini chama hakikuondoka mezani. Desemba wanachama walipitisha mkataba mpya, uliowapa pia asilimia 13.5 ya hisa za kampuni iliyofufuliwa.