Kutoka riwaya za upelelezi hadi tanzu nyingine: lifuate swali

Ndugu, umeeleza kwamba kwa miaka mingi umesoma riwaya za upelelezi peke yake, na kwamba kila orodha ya vitabu bora unayoishika ili uonje tanzu nyingine inakuchosha mapema. Ushauri wangu ni kwamba usihame. Anzia hapo hapo ulipo, ulifuate swali ambalo riwaya imekuachia.

Mimi riwaya moja yenye kisa cha sumu iliniachia swali dogo: daktari alijuaje kwamba marehemu alilishwa arseniki? Nilikwenda kwenye rafu ya elimu ya sumu, ambayo katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, hupewa namba 615.9, nikakutana na habari za mkemia Mwingereza James Marsh, aliyetangaza mwaka 1836 njia ya kuigundua arseniki hata ikiwa kidogo mno: sampuli huchanganywa na zinki na asidi, gesi inayotoka huwashwa, na ndimi za moto zikigusa kauri baridi huacha doa jeusi linalong'aa. Kemia, ambayo shuleni haikunivutia hata kidogo, safari hii niliisoma kwa hamu kwa sababu nilikuwa na jambo la kuiuliza. Kutoka hapo nilifika kwenye historia ya mahakama, maana mwaka 1840 kipimo hicho kilitumika Ufaransa katika kesi ya Marie Lafarge, aliyetiwa hatiani kwa kumuua mumewe. Na kwa kuwa Lafarge aliandika kumbukumbu za maisha yake akiwa kifungoni, nikajikuta nasoma tawasifu, utanzu ambao sikuwa nautazama kabisa.

Usiache kufungua kurasa za marejeo mwishoni mwa kitabu. Kikitajwa kitabu kimoja na waandishi wawili wasiokubaliana, hicho ndicho ninachokitafuta kwanza, na mara nyingi kimenifaa kuliko pendekezo lolote. Mfasiri mzuri naye ni wa kufuatwa. Vitabu vikongwe ambavyo muda wa hakimiliki umekwisha vinapatikana bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1971.

Kwako ningeanza na 364, rafu ya uhalifu, kisha 345, ya sheria ya jinai. Tuandikie riwaya ya mwisho uliyoipenda ilihusu nini hasa, nasi tutakupendekezea rafu nyingine.