Mwanangu, uliniuliza kuhusu udongo

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma. Unauliza kama mtu wa miaka 43, mhasibu, mwenye madarasa machache ya jioni ya ufinyanzi, anaweza kuacha kazi awe msanii wa udongo, au amechelewa. Umeniuliza mimi kwa kuwa nami niliingia kwenye udongo mvi zikiwa zimeanza.

Hujachelewa. Beatrice Wood wa Marekani aliingia darasa la ufinyanzi mwaka 1933, akiwa na miaka 40, kwa kuwa tu alitaka birika la chai lifanane na sahani alizokuwa amenunua. Alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 105, na vyombo vyake viko kwenye makumbusho. Lakini simtaji ili kesho upeleke barua ya kuacha kazi.

Ninachokihofia ni ustadi wako. Umezoea kuijua kazi yako vizuri, na kosa la hesabu unalibaini siku hiyohiyo. Udongo hauna haraka hiyo. Ukuta wa chombo ukiwa mnene na unyevu umebaki ndani, joko, yaani tanuri la kuchomea vyombo, likipita nyuzi 100 za Selsiasi maji yanageuka mvuke na chombo kinalipuka, tena kinaharibu na vya jirani. Kingine kinavuka hapo salama, kisha kinapata ufa wakati wa kupoa kwa sababu joko lilipozwa upesi kwenye nyuzi 573, pale chembe za kwatzi, madini yaliyomo kwenye udongo, zinapobadili umbile na kusinyaa ghafla. Wewe utafungua mlango na kukuta vipande, bila maelezo. Kwa hiyo andika: udongo gani, ulikauka kwa muda gani, glezi gani (ule utando wa kioo unaofunika chombo), rafu ipi, joto lilipandaje. Wafinyanzi wengi ni wavivu wa daftari. Hapo mhasibu atawashinda.

Kuna swali hukuniuliza, nami naliona kubwa kuliko la umri: unataka kuwa mfinyanzi wa vyombo vya kuuza, au msanii? Zote ni kazi za heshima, ila zinagombania saa zilezile. Ukishajulikana kwa vikombe, oda za vikombe haziishi. Mtazame Magdalene Odundo, mzaliwa wa Kenya wa mwaka 1950. Alianzia kwenye usanifu wa michoro kabla ya kushika udongo. Vyungu vyake hujengwa kwa mkono bila gurudumu la kufinyangia, havina glezi, hung'arishwa kwa kusuguliwa, na umbo lake utalitambua ukiwa upande wa pili wa ukumbi. Umbo la namna hiyo halizaliwi katikati ya oda. Wapo watakaokwambia uanze kuuza mapema ili ujipime. Mimi sikubaliani nao. Soko litakufundisha kurudia kile ambacho tayari unakiweza.

Basi omba kazini upunguziwe siku, usiache kabisa. Siku unazopata, gawa: nyingine za mazoezi, na moja ya vitu ambavyo hutamwonyesha mtu. Joko usinunue bado. Lipia nafasi kwenye la mwingine mpaka ujue unachoma kwa joto gani na vyombo vya ukubwa gani. Gurudumu liinue lilingane na mgongo wako, maana wa miaka 43 hausamehe kama wa miaka 20. Na karakana usiifagie kavu hata siku moja. Futa kwa maji. Vumbi la udongo lina chembe za madini ya silika, na silika ikitua mapafuni haitoki.

Mumeo anasema ni jambo la kupita. Huenda. Usibishane naye, mwonyeshe daftari baada ya mwaka.

Ukija kunitembelea, beba na vile vilivyopasuka. Vizima nimeshaviona kwenye picha.

Mama yako