Baada ya Vuta N'kuvute, soma Utengano

Waalaikum salaam dada. Umesema umemaliza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, roho bado iko kwa Yasmin, na unataka kumuanza Said Ahmed Mohamed kwa Babu Alipofufuka. Miye nakwambia ngoja kwanza. Kile ni kitabu cha ajabu ajabu: babu katoka kaburini anamzungusha mjukuu wake, huyo mjukuu ni mkubwa wa serikali, na mhusika mwenyewe hana hata jina, ni "K" tu. Ukikianza hicho utakikimbia.

Anza na Utengano, cha mwaka 1980. Maimuna ni kama Yasmin upande wa pili: Yasmin kaozwa mzee, Maimuna kafungiwa ndani na babake, Bwana Maksuudi, mtu wa siasa na wa heshima zake mjini. Heshima hizo ngoja uone anavyozivunja mwenyewe kwa mwanamke aitwaye Kazija! Sisemi zaidi, nisikuharibie. Mwandishi ni Mzanzibari, na lugha yake unaitafuna taratibu. Mimi hurudia kurasa kwa ajili ya sentensi tu.

Kuli cha Adam Shafi nacho kizuri, ukitaka habari za bandarini na mgomo wa 1948, ila mapenzi humo usiyatafute sana.

Na huyo mdogo wako asiyependa kusoma, mpe Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake hajamchosha mtu. Peponi ya Abdulrazak Gurnah nayo nakala ninayo, lakini iko kwa shoga yangu Wete na kurudisha hataki.