Jino Jeupe Lililonifedhehesha Nakuru

Juzi mama mmoja wa Njoro alijitazama kwenye kioo, akanigeukia: “Daktari, ni lipi ulilojaza?” Nikamwomba arudie swali. Wenzangu madaktari wa meno mnajua utamu wake.

Miaka sita iliyopita hakuna ambaye angeniuliza hivyo. Binti mmoja alianguka kwenye boda akavunjika jino la mbele, harusi ikiwa wiki ijayo. Nililivalisha mpira wa kuzuia mate, nikapuliza hewa, nikachonga, ndipo nikakumbuka kutafuta rangi. Jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Nikachagua A1, rangi ya weupe mkali, bila wasiwasi. Meno jirani yaliporudiwa na mate, yakarudi kwenye A3 yake, yenye giza zaidi. Langu likabaki vilevile. Baada ya harusi akaja shangazi mtu na picha kwenye simu. “Daktari, mbona umetuwekea punje ya mahindi meupe kwenye gunzi la manjano?” Wagonjwa kwenye benchi walicheka. Mkubwa wangu pia alicheka, na hilo sijalisahau.

Kwa hiyo wadogo zangu, rangi kwanza! Kabla ya mpira, kabla ya hewa, jino likiwa na mate yake. Zima taa ya kiti, msogeze mgonjwa dirishani, mwambie afute lipstiki, na kama amevaa leso nyekundu mfunike kwa kitambaa cha kijivu. Tazama sekunde tano hadi saba, kisha pumzisha macho. Vibao vya VITA, vile vya kulinganishia rangi ya jino, ni 16, A1 hadi D4, na wengi hukimbilia herufi, yaani aina ya rangi. Anza na weupe na giza, ukikodoa macho nusu. Hapo ndipo jicho la shangazi hukukamata.

Na usiviamini sana. Vibao hivyo ni vya kauri, wewe unajaza kompositi, ujazo laini unaogandishwa kwa taa. Isitoshe, kompositi mbichi ina unjano wa ile kemikali inayoamshwa na taa ya bluu. Ikiganda, unjano hufifia. Mimi hubandika tone dogo kama kunde juu ya jino bila gundi, naligandisha, nalilowesha, natazama, kisha nalibandua. Dakika mbili tu. Mashine ya kupima rangi ni nzuri, ukiwa na pesa zake.

Mama wa Njoro alikulia maji ya kisima yenye floridi nyingi, kama wengi wetu wa Bonde la Ufa. Jino lake lilikuwa na mawingu meupe na doa la kahawia karibu na ncha, na hakuna kibao cha rangi hiyo. Nilichora ramani yake kwa penseli nyuma ya kadi, nikapanga tabaka, hata doa nikaliweka. Kiburi kingenifanya niliache jeupe. Acheni kiburi, vijana, rangi hutafutwa kwa unyenyekevu.

Yule binti nilikutana naye mwaka jana kwenye soko la Wakulima. Alinisalimia vizuri tu, akacheka, mkono ukiwa mdomoni.