Mkopo haukwami kwenye alama, unakwama kwenye karatasi

Binti mmoja wa Kahama ameniandikia wiki hii. Kidato cha sita amepata C ya Historia, D ya Jiografia na D ya Kiingereza, anataka Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na anauliza: "Kozi gani ina mkopo?" Kila matokeo yakitoka naulizwa hivyo, na linaniuma, kwa sababu wengi wanaohangaikia kozi leo ndio watakaolia Novemba kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa.

Mdogo wangu, alama zako zinatosha kuomba. Kigezo cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa waliomaliza kuanzia 2016 ni masomo mawili yanayotakiwa na kozi, yenye jumla ya pointi 4: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Wewe, kwa masomo yako mawili ya juu, una 5. Ila kigezo cha chini kinakupa haki ya kuomba tu. Kozi zinazogombewa, mfano ya sheria, hujazwa na wenye alama za juu kuliko hizo. Changanya machaguo. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja, kwa hiyo laini ya simu uliyojaza kwenye maombi usiitupe.

Sasa karatasi. Kosa baya kuliko yote ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Aliyerudia mtihani ana mbili: ya shule inayoanza na S, na ya mtahiniwa wa kujitegemea inayoanza na P. Akiomba chuo kwa S na mkopo kwa P, mfumo wa Bodi ya Mikopo unaona watu wawili: mmoja kadahiliwa bila kuomba mkopo, mwingine kaomba mkopo bila kudahiliwa. Chagua namba moja, uitumie kote.

Halafu majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ally, cha kidato cha nne kinasema Ali. RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, watahakiki kwamba cheti chako ni halali, lakini uhakiki huo hausawazishi majina. Hilo unalimaliza mapema, kwa kiapo mbele ya wakili au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Aliyefiwa na mzazi ahakiki pia cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi. Waliozaliwa Zanzibar wanahakiki kwa wakala wao wa usajili huko huko. Fomu yenyewe, baada ya kulipia 30,000, inataka sahihi na mihuri ya serikali ya mtaa au kijiji na ya kamishna wa viapo, pamoja na mdhamini. Muhuri uliofifia ni sababu tosha ya fomu kurudi. Gonga tena kabla hujaondoka ofisini.

Wazazi, hapa nasema nanyi. Mkopo wa asilimia 100 ya ada hauna maana kwamba mtoto anaondoka mikono mitupu. Ada ya shahada nyingi za sanaa ni kama milioni 1 kwa mwaka, lakini kuna 20,000 ya TCU na 50,400 ya bima ya afya, pamoja na fedha ya kitambulisho na michango ya wanafunzi, ambayo Bodi hailipi. Mwenye kadi hai ya bima apeleke nakala, asilipe mara mbili. Boom, yaani fedha ya chakula na malazi, ni 10,000 kwa siku, yaani 600,000 kwa siku 60, na haiingii mpaka usajili ukamilike na mwanafunzi asaini. Wiki za kwanza anakula fedha ya nyumbani. Akikosa hosteli akaenda kupanga Changanyikeni au Msewe, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 na dalali anataka ya mwezi mmoja. Ndiyo maana watu hubebana, wawili kitanda kimoja, na masomo yanaanza kuyumba hapo.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nayo ina gharama. Omba nafasi mapema, ikiwezekana halmashauri ya nyumbani, kwa sababu nauli na chumba mji mgeni hula posho yote, na halmashauri ndiko utakakoona chuo kinamfaa nani.

Chuo na jamii hukutana pia kwenye maonesho ya elimu ya juu ya TCU, ambayo kwa kawaida hufanyika Julai, Mnazi Mmoja. Wengi huenda kuchukua vipeperushi na kalamu. Ukiweza kufika Dar, nenda na cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na matokeo yako, kaa kwenye banda la Bodi, mwombe ofisa alinganishe majina na namba herufi kwa herufi. Kisha hamia banda la Mlimani na karatasi hizo hizo.