Kabla ya kununua mapipa, tafuteni mnunuzi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba yeye na wenzake wanataka kuanzisha mradi wa kurejeleza taka mtaani, na swali lake lilikuwa moja tu: mfadhili wa mapipa atapatikana wapi? Nilicheka, kisha nikakasirika kidogo.

Ndugu yangu, pipa halirejelezi kitu. Kikundi chetu kilianza na mizani ya kuazima na kona ya uwanja tuliyopewa na shule. Hata kabla ya hapo tulimwendea mnunuzi wa chakavu tukamuuliza: unanunua nini, kikiwa katika hali gani, na kuanzia kilo ngapi utakuja na gari lako? Majibu yake ndiyo yaliyokuwa mpango wetu. Alitaka chupa za maji na soda, zile zenye namba 1 kitakoni (namba hiyo huonyesha aina ya plastiki), zikiwa tupu na zimebanwa. Makopo ya alumini aliyapenda kuliko vyote, na ana haki, maana kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huokoa karibu asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuizalisha kutoka kwenye madini. Alichokiogopa ni PVC, namba 3, plastiki ya mabomba. Ikichanganyika na zile chupa kwenye joto hutoa asidi, na kiasi kidogo tu huharibu mzigo mzima. Maboksi yaliyolowa mafuta hakutaka hata kuyaona.

Kisha tukawatafuta waokota chupa. Hapa ndipo vikundi vingi huniudhi: mnakuja na fulana mpya, mnamnyang'anya mtu riziki yake, halafu mnasema mnatunza mazingira! Wao ndio waliotufundisha kuchambua plastiki kwa beseni la maji. Chupa ya namba 1 ikikatwa vipande huzama. Kizibo chake huelea.

Wabia wengine ni hadithi nyingine. Kampuni moja ilitukumbatia, ikaja na mabango, ikapiga picha mbele ya marobota yetu, kisha simu zetu zikawa hazipokelewi. Kwenye taarifa zao mradi ni wao. Bado inaniuma, sifichi. Lakini marobota yanaendelea kutoka, na anayeyafunga ni sisi.

Kwa hiyo andikianeni mapema: nani anatoa nafasi, nani anapima, nani anashika pesa, na mbia akijitoa nini kinabaki kwenu. Acheni kupenda uzinduzi kuliko kazi. Wala msimtegemee mnunuzi mmoja. China ilipozuia plastiki chakavu kutoka nje mwaka 2018, miji mingi ya Marekani na Ulaya iliyozoea soko hilo ilibaki na mali isiyo na pa kwenda, sembuse kikundi cha mtaa. Tafuteni wawili au watatu, na mnapokwenda kuzungumza nao bebeni gunia la mfano, lililochambuliwa.